Kufundisha hatua za India kuelekea kujitawala, kwa darasa la Dodoma

Chora mstari mmoja ubaoni wenye miaka minne tu: 1909, 1919, 1935, 1947. Ukianzia 1861, mwaka wa Sheria ya Mabaraza ya India, wanafunzi wanachoka kabla hujafika kwenye kiini.

Kwenye 1909 andika: Wahindi wengi zaidi waliingia kwenye mabaraza ya kutunga sheria, na Waislamu wakapewa wapiga kura wao wa pekee. Hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani ni sawa na kura tatu ya Tanganyika ya 1958–59. Sivyo. Kwetu kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kule Mwislamu alimchagua Mwislamu mwenzake.

Mwaka 1919 upe muda mrefu. Gawa ubao pande mbili. Kushoto weka elimu, afya na kilimo: hizo zilikwenda kwa mawaziri Wahindi wa majimbo. Kulia weka polisi, mahakama na fedha, zilizobaki kwa gavana na baraza lake. Kisha uliza: waziri wa elimu asiyeshika hazina atajenga shule kwa fedha zipi? Waliokwisha kutembelea Bunge hapa jijini na kuusikia mjadala wa bajeti hujibu haraka.

1935: majimbo 11 yakapata serikali zao, uchaguzi ukafuata 1937. Usiseme shirikisho la India nzima, lililopangwa na sheria ya 1935, lilianza. Watawala wa falme za ndani ya India hawakujiunga, likabaki kwenye karatasi. Ulinzi haukutoka mikononi mwa Waingereza hadi 1947, mwaka wa uhuru.