Kumsomea mtoto hadithi kwa sauti: mwachie naye aseme

Nafundisha chekechea. Kosa ninaloliona zaidi kwa wazazi ni lile nililolifanya mwenyewe miaka ya mwanzo: kukisoma kitabu mfululizo hadi mwisho kama mtangazaji wa taarifa ya habari, huku mtoto ameambiwa atulie asikilize. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1. Kisome kwanza peke yako. Chagua maneno mapya mawili au matatu utakayoyaeleza, basi.

Hatua ya 2. Keti naye, kitabu kiwe katikati yenu, na kurasa afunue yeye. Soma jina la hadithi ukipitisha kidole chini ya maneno, kushoto kwenda kulia. Wadogo wengi hudhani unasoma picha. Kidole kinawaonyesha kuwa maneno yako yanatoka kwenye yale maandishi. Usikipitishe kitabu kizima lakini, utawachosha.

Hatua ya 3. Soma kidogo, simama, uliza. Hapa ndipo penye kazi. "Hii ni nini?" inamfaa wa miaka miwili, ila jibu lake ni neno moja tu. Akishakua kidogo, muulize "Kunatokea nini hapa?" au "Kwa nini amejificha?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, hata kama ulimi unakuwasha kumjibia.

Akijibu, lipokee jibu lake, liongezee kidogo, umwombe alirudie:

"Unaona nini?"
"Fisi."
"Ndiyo, fisi amejificha nyuma ya mti. Hebu sema nawe."
"Fisi amejificha nyuma ya mti."
"Anamkwepa nani?"

Kimya. Kimya tena. "Sungura. Amemwibia mpira wake."

Kitabu kile hakina mpira hata mmoja. Sikumsahihisha, nilimuuliza mpira ulipelekwa wapi, nikapata maelezo marefu ya ugomvi uliotokea uwanjani asubuhi ile. Kwa kawaida mtoto huyo alikuwa hasemi zaidi ya maneno matatu kwa mpigo.

Mbinu hii si yangu. Mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wazazi waliofundishwa kuuliza maswali ya wazi na kupanua majibu ya watoto wao wa miaka miwili hivi. Baada ya wiki 4 tu, watoto hao waliwapita katika kujieleza wenzao waliosomewa kwa namna ya kawaida.

Hatua ya 4. Neno gumu lieleze papo hapo, kwa mwili ukiweza. "Kunyemelea" nilikwisha kulieleza kwa sentensi nne bila mafanikio. Nikainuka, nikanyata kwa ncha za vidole hadi mlangoni; darasa zima likaninyemelea.

Hatua ya 5. Kesho kirudie kitabu kilekile, na keshokutwa. Utakayechoka ni wewe. Mara ya kwanza mtoto anafuata kisa. Baadaye ndipo anapoyanasa maneno. Ifikapo mara ya tatu au ya nne, katiza sentensi, "Fisi akakimbia mpaka…", umwachie aimalizie.

Hatua ya 6. Mkishafunga kitabu, pigieni makofi silabi za majina: su-ngu-ra, fi-si. Kiswahili kinaturahisishia, maana silabi zake nyingi huishia kwa irabu na sikio huzikamata upesi. Angalieni tu maneno kama "mtu": ni makofi mawili, m-tu, ingawa wengi hupiga moja. Dakika mbili zinatosha.

Akiinuka katikati ya hadithi, usimvute arudi. Acha kitabu mahali anapokifikia. Yule wa mpira nilimkuta siku moja amekishika juu chini, akimsomea mwenzake kisa cha fisi mwizi wa mpira, kidole kikipita chini ya maneno. Sikumgeuzia.