Jinsi ya kumsoma Jurek Becker

Jurek Becker ni mwandishi aliyeandika kwa Kijerumani. Anza na riwaya yake ya kwanza, Jakob der Lügner (yaani Jakob Mwongo), iliyotoka 1969. Isome katika lugha yoyote unayoimudu, na usiguse kwanza filamu zilizotokana nayo. Nimewaona wasomaji wengi wakianza na ile ya Hollywood ya 1999, aliyoigiza Robin Williams, kisha wakadhani wameshamjua Becker. Bado kabisa.

Kabla hujafungua kitabu, mjue mwandishi. Alizaliwa Łódź, Poland, katika familia ya Kiyahudi. Hati zinasema 1937, lakini usiuamini sana mwaka huo: katika geto, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baba yake alimwongezea umri ili asichukuliwe, na vita vilipokwisha mzee hakuikumbuka tena tarehe ya kweli. Mtoto alipitia kambi za mateso za Wanazi za Ravensbrück na Sachsenhausen. Mama yake alifariki 1945. Baba na mwana wakahamia Berlin, upande wa Warusi, na hapo ndipo Jurek alipoanza kujifunza Kijerumani, huku Kipolandi kikimpotea. Lugha aliyoandikia vitabu vyote hakunyonya kwa mama yake.

Sasa soma. Jakob, Myahudi aliyefungiwa getoni, anasikia kwa bahati kwamba Warusi wanakaribia. Ili aaminiwe, anasema ana redio, kitu ambacho adhabu yake katika geto ni kifo. Kesho yake watu wanataka habari mpya, naye hana budi kuzitunga. Humo usimwangalie Jakob peke yake; mfuatilie msimulizi. Kila anapoeleza jambo, jiulize amelijuaje. Mengine aliambiwa na Jakob mwenyewe, mengine anayajaza kwa kubuni, naye anakiri hivyo waziwazi. Mwishoni anakupa miisho miwili, mmoja wa kutunga na mmoja uliotokea. Isome yote kwa kikao kimoja, tafadhali. Ukiitenganisha kwa siku kadhaa, uchungu wake unapungua.

Kama wewe ni mwandishi, zingatia hili: kazi hii ilianza kama mswada wa filamu. Mwaka 1966 utayarishaji ulikwama, na Becker akaigeuza hadithi kuwa riwaya. Filamu ya Frank Beyer ilikuja 1974, ikawa filamu pekee ya Ujerumani Mashariki kuteuliwa kuwania Oscar. Itazame sasa, kitabu kikiwa karibu, uone msimulizi amepungukiwa na nini.

Kinachofuata ni Bronsteins Kinder cha 1986. Kijana wa Berlin Mashariki anagundua kwamba baba yake na rafiki zake wamemfungia mtu aliyekuwa mlinzi wa kambi ya Wanazi. Kwangu ndicho kitabu chake kizito kuliko vyote. Alikiandika akiwa Berlin Magharibi, alikohamia 1977, baada ya kupinga hatua ya serikali ya Mashariki kumvua uraia mwanamuziki Wolf Biermann, jambo lililomfanya Becker mwenyewe afukuzwe katika chama tawala cha huko.

Usiidharau televisheni yake. Liebling Kreuzberg, tamthilia ya wakili wa Berlin iliyoanza 1986, aliiandika kwa ajili ya rafiki yake wa siku nyingi, mwigizaji Manfred Krug, na mazungumzo yake yana wepesi uleule wa riwaya. Fuata misimu mitatu ya kwanza na ule wa tano. Wa nne uliandikwa na Ulrich Plenzdorf, kwa hiyo unaweza kuuruka.