Namna ya kuishirikisha familia mtoto anapotibiwa saratani

Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye wodi ya watoto wenye saratani, Dar es Salaam. Wauguzi wapya huniuliza waanzie wapi na mtoto aliyenyamaza, anayegeukia ukutani kila akiona koti jeupe. Nawaambia waanze na aliyekaa pembeni ya kitanda, na hapohapo wamuulizie asiyekuwepo.

Aliyepo mara nyingi ni mama, au bibi. Asiyekuwepo ni baba aliyebaki Kigoma au Masasi akihangaikia nauli, na pengine ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kwa wengine kauli iko kwa baba mkubwa au mjomba. Usipomfahamu mapema, utamfahamu siku mama anafunga mizigo kwa sababu "nyumbani wamesema turudi". Saratani ya damu inayowapata zaidi watoto hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3, na dawa zikikatishwa katikati ugonjwa mara nyingi unarudi. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza: "Mama, jambo kama hili nyumbani mnashauriana na nani?" Andika jina na namba ya simu kwenye faili. Daktari akianza kueleza ugonjwa, mpigieni mhusika, simu iwekwe spika, asikie mwenyewe. Mama asibebeshwe mzigo wa kufafanua mambo ambayo naye ndiyo kwanza anayasikia.

Kisha waulize wao wanadhani ugonjwa umetoka wapi, na uwaache wamalize. Utasikia kurogwa, utasikia laana, utasikia mawifi wanaosema ukoo wa mama una mkosi. Usibishane na imani ya mtu. Sema unachokijua: saratani haiambukizi, na kwa watoto walio wengi haitokani na jambo ambalo mzazi alilifanya au aliliacha. Liseme hilo baba akiwa anasikiliza. Kuna akina mama wanaoanza kupata usingizi baada ya maneno hayo kusemwa mbele ya waume zao.

Familia nyingi zitakuomba usimwambie mtoto. Iheshimu hofu yao, ila usiishie hapo. Mtoto wa miaka 6 anaona nywele zinavyodondoka kwenye mto. Asipoelezwa, anajitafutia sababu, na kwa umri huo ni rahisi kuamini kwamba anaadhibiwa kwa kuwa aliiba sukari au alimpiga mdogo wake. Muulize mama: "Akikuuliza ana nini, utamjibuje?" Litafuteni jibu pamoja, kwa lugha wanayoongea nyumbani, awe ni Muha au Msukuma. Ugonjwa upewe jina lake, na mtoto asikie kwamba si kosa lake. Mwenye kusema awe mama. Wewe kaa karibu.

Kwenye sindano ya mgongo, asiambiwe kwamba haiumi. Akidanganywa mara moja, safari ijayo mtamkimbiza korido nzima. Mama akae upande wa kichwani, watazamane, ampigie hadithi. Kumshika asijitikise ni kazi ya wahudumu, maana mtoto anahitaji mtu mmoja chumbani ambaye hakumkaba.

Waeleze pia dawa zinavyobadilisha tabia. Mtoto anayemeza prednisoloni, moja ya dawa za saratani ya damu, anaweza kuamka saa nane usiku anadai ugali, akiletewa anausukuma, anamtolea mama maneno makali. Mama asiyejua ataona mwanawe kaharibika, na kofi litafuata. Aliyeambiwa atapika mapema na kuvumilia.

Simu za jioni nazo zinahitaji kufundishwa. Baba anapiga: "Umekula? Umemeza dawa?" Mtoto: "Ee." Kimya. Baba mmoja mfugaji nilimwomba amweleze mwanawe habari za mbuzi wake. Akamwambia yule mweupe kazaa mapacha, mmoja hapati kunyonya. Mtoto aliyekuwa amelala chali akaketi. "Baba, huyo mkubwa mtoe kwanza, umfungie. Mdogo mshikie mwenyewe." Akataka kujua wana rangi gani, nani anawachunga, wamelazwa wapi. Waliongea mpaka salio likaisha. Tangu hapo nawaambia akina baba: mpe mtoto habari, na umwombe ushauri.

Wadogo na wakubwa zake waliobaki kijijini wasisahaulike. Wapo wanaodhani mwenzao amekufa na wanafichwa. Waongee naye, na watumiwe picha yake ya sasa, akiwa hana nywele, wasije wakamkimbia akirudi.

Mtoto wa kitanda cha jirani akifariki, msiseme "amehamishwa". Watoto wanajua, na wao wenyewe wataogopa kuhamishwa. Siku hiyohiyo kaeni na wazazi wa chumba kile, mkubaliane kusema kwamba amefariki, kisha kila mzazi azungumze na wake. Anayetaka kulia na alie, mama yake akiwepo.

Mwangalie na mzazi mwenyewe. Tafuta shangazi au mama wa kitanda kingine ampokee akaoge na kulala. Akiwa hali, halali, au akitamka kwamba heri afe yeye, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo, umsindikize mpaka mlangoni.