Kuchagua programu nafuu ya kuchorea miti na ramani ya kiwanja

Mtu anayetakiwa kuonyesha miti iliyopo kiwanjani kabla msanifu hajaanza kuchora jengo huanza kwa kuuliza bei ya programu, ilhali inafaa aulize kwanza atapokea faili la aina gani kutoka kwa mpima ardhi na atamkabidhi msanifu la aina gani. Wengi wa wapima na wasanifu hutumia AutoCAD, programu ya kuchorea inayohifadhi michoro kwa muundo wa DWG, na programu isiyoweza kupokea muundo huo, au walau DXF (muundo wa kupitishia michoro kati ya programu tofauti), itakugharimu hata kama umeipata bure.

Jambo la pili ni kwamba upimaji wa miti ni jedwali kabla ya kuwa mchoro, kwa kuwa kila mti una namba, jina, kipenyo cha shina, urefu, upana wa matawi na hali yake. Katika programu ya kawaida ya kuchorea, mwembe namba 14 ni duara tu, na ukisahihisha kipenyo chake kwenye jedwali, duara halina habari. QGIS, ambayo ni programu huria isiyolipiwa, huunganisha kila alama ya mti na mstari wake wa jedwali; kwa sababu hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi hii, ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya ramani na si kwa wasanifu.

Faida yake huonekana hasa pale unapotakiwa kuonyesha eneo la mizizi lisilopaswa kuchimbwa. Kiwango cha Uingereza cha BS 5837 cha mwaka 2012, kinachohusu miti na ujenzi, huhesabu nusu kipenyo cha eneo hilo kuwa mara 12 ya kipenyo cha shina, hivyo mwarobaini wenye shina la sentimita 40 huhitaji duara la nusu kipenyo cha mita 4.8. QGIS huchora maduara ya miti yote kwa kanuni moja. (Kiwango hicho hupima shina kwenye kimo cha mita 1.5, ilhali maofisa misitu wengi hupima kwenye mita 1.3, kwa hiyo andika kwenye jedwali ulipopimia.)

Programu utakayochagua ni lazima ielewe pia mifumo ya koodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo ardhini. Ramani nyingi za zamani za viwanja nchini Tanzania zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu na vifaa vya GPS hutoa WGS 84, na tofauti ya mifumo hiyo miwili ni takriban mita 300, kiasi cha kuipeleka miti yako yote kwa majirani. QGIS hubadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine, mradi uchague kanda sahihi ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za ramani: Dar es Salaam, Tanga na Arusha zimo katika kanda ya 37 Kusini, Dodoma na Mwanza katika 36. Simu yenyewe hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo katika kiwanja kidogo pima kwa futi kamba kuanzia kwenye bikoni.

Kwa kuta, mageti na vipimo vya jengo, programu ya kuchorea ya LibreCAD inatosha na haina malipo, ila huhifadhi kwa DXF na si kwa DWG. QCAD, inayofanya kazi kama hiyo, ina toleo la bure, na toleo lake la kulipia hushughulikia DWG. Mimi ningelipia pale tu ninapopokea mafaili ya DWG kila wiki, na hata hapo ningesoma masharti kwanza, kwani baadhi ya programu huuzwa kwa leseni ya mwaka, na ikiisha huwezi tena kuhariri michoro yako mwenyewe kwa programu hiyo. Nakala zilizovunjwa, yaani programu za kulipia zilizoondolewa kinga ili zitumike bila leseni, ziache. Mara nyingi huja na virusi.

Kabla ya kutoa fedha, jaribu programu kwa kazi ya kweli. Chukua faili la kiwanja ulichokwisha kupima, weka miti 10, andaa karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:200, chapisha, kisha weka rula juu yake: mita 10 za ardhini ziwe sentimita 5 kamili. Zisipotimia, angalia kama faili lilichorwa kwa milimita nawe ukalisoma kwa mita, na kama printa imeachwa ijipunguzie mchoro ili uenee kwenye karatasi.