Jinsi ya kufuatilia usikivu wa mtoto anayefyonzwa ute wa sikio la kati

Upasuaji wa sikio la kati unaofanyika sana kwa watoto ni ule wa kuondoa ute uliojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Daktari hupasua tundu dogo kwenye ngoma, huingiza mrija mwembamba wa chuma uliounganishwa na mashine ya kufyonza, huvuta ute, kisha mara nyingi huacha hapo kijirija kiitwacho grometi ili hewa ipite. Mtoto huwa amelala kwa nusu kaputi, lakini sikio lake la ndani bado hupokea kelele ya mrija huo, ambayo imepimwa ikizidi desibeli 90, na pengine 100, hasa hewa inapofyonzwa pamoja na ute.

Kwa wafanyakazi, NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, hivyo desibeli 100 huvumiliwa kwa dakika 15 tu. Kikomo hicho kiliwekwa kwa watu wazima wanaokaa katika kelele miaka mingi, ilhali kufyonza ute kwa kawaida ni kazi ya muda mfupi mno. Ndiyo maana watoto walio wengi hutoka wakisikia vizuri kuliko walivyoingia. Kwa maoni yangu, mzazi asiahirishe upasuaji kwa kuhofia kelele, bali ahakikishe kwamba madhara, yakitokea, yatagunduliwa.

Jambo la kwanza, basi, ni kipimo cha usikivu kabla ya upasuaji, na kiwe cha njia mbili: sauti inayopita hewani kwa vipokea sauti vya masikioni, na sauti inayopita kwenye mfupa kwa kifaa kidogo kinachobanwa nyuma ya sikio. Mtoto wa miaka 3 hivi anaweza kupimwa kwa mchezo, akitumbukiza kijiti kikapuni kila asikiapo mlio. Aliye mdogo zaidi ana vipimo vyake. Ute huzuia sauti ya hewani, kwa hiyo mstari wake hushuka kwenye chati ya matokeo, mara nyingi hadi desibeli 20 au 30, yaani sauti lazima iongezwe hadi hapo ndipo aisikie, huku mstari wa mfupa ukibaki juu kwa sababu unaonyesha hali ya sikio la ndani. Omba nakala ya chati hiyo uitunze.

Kabla ya siku ya upasuaji, mwulize daktari bingwa wa masikio, pua na koo jinsi atakavyofyonza. Mrija mpana kwa kawaida hupiga kelele zaidi, ila mrija mwembamba huweza kuchelewa kuvuta ute mzito kama gundi, kwa hiyo uchaguzi huo mwachie yeye. Mshikio wa mrija huwa na kitundu ambacho daktari hukiziba kwa kidole anapotaka kuvuta. Akikiachia, nguvu ya kuvuta hupungua mara moja. Kinachofaa ni kufyonza kwa vipindi vifupi, bila kuuacha mrija ukivuma sikioni bila kazi.

Baada ya upasuaji, mtoto apimwe tena ndani ya miezi 3, kwa njia zilezile mbili. Mstari wa hewani unatarajiwa kupanda. Mstari wa mfupa ulinganishe na wa zamani, hasa kwenye mlio mwembamba wa hezi 4000, ambako madhara ya kelele huanza kujitokeza. Tofauti ya desibeli 5 ni ya kawaida kati ya kipimo na kipimo. Ikiwa kubwa zaidi, omba kipimo kirudiwe.

Usikivu ukishuka, usiilaumu mashine peke yake. Matone ya sikio yenye gentamisini, ambayo baadhi ya maduka ya dawa huyauza bila kuuliza mengi, yanaweza kupita kwenye grometi na kudhuru sikio la ndani, kwa hiyo tumia tu matone aliyoandika daktari aliyempasua. Na mtoto akipata kizunguzungu kikali, akitapika huku akiyumba, au uso ukilegea upande mmoja, mrudishe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.