Gonga Ukuta Kwanza: Namna ya Kuchagua Braketi za Spika za Nyumbani

Bibi mmoja wa Malindi, hapa Unguja, aliniita nimfungie spika tano alizoletewa na mwanawe kutoka Muscat. Braketi zilikuja ndani ya boksi hilohilo, nyeusi, zenye mkono mrefu wa kukunja. Kabla sijafungua chochote nikaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole: hapa, pale, juu ya kochi, karibu na dirisha. Bibi akaniuliza, "Mwanangu, wabisha hodi kwa nani?" Nikamwambia, "Kwa ukuta, bibi. Yeye ndiye atakayebeba."

Zile braketi sikuzifunga. Zilikuwa nzima, hazina kasoro, ila hazikuwa za ukuta ule wala za chumba kile. Braketi imeshika ukuta kwa upande mmoja na spika kwa upande wa pili, kwa hiyo anayekwenda dukani bila kuzijua pande zote mbili ananunua kwa macho tu. Mimi huanza na ukuta, halafu mgongo wa spika, halafu mahali watu wanapokaa. Braketi huja mwisho.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, kuta zake nene kiasi cha nusu mita. Mtu huona unene ule akadhani utabeba kitu chochote. Ukitoboa, keekee inazama sentimita tatu au nne kwenye chokaa laini kama unga wa muhogo, kisha inagonga jiwe na kuteleza ubavuni. Tundu ulilolitaka la milimita 8 linatoka la 12, na fisha, yaani ile plagi ya plastiki, inazunguka humo ndani kama kijiko kwenye kikombe. Kwenye kuta hizi natoboa bila kuwasha nyundo ya drili. Naanza na keekee ya milimita 5, natanua kwa ya 8, napuliza vumbi lote litoke, ndipo naingiza fisha ndefu. Chokaa kikiwa laini kupita kiasi, natumia gundi ya nanga, ile ya kugandisha skrubu ndani ya tundu, na kuiacha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye bomba lake, hata kama mwenye nyumba ana haraka ya kuangalia mpira.

Ukuta wa namna hiyo ndio unaokuchagulia kibao cha braketi, yaani bamba linalokaa ukutani. Nataka kibao kirefu, chenye matundu manne, na ikiwezekana matundu yawe ya umbo refu ili niweze kusogeza skrubu sentimita moja juu au chini kulifuata jiwe. Vile vibao vidogo vya duara vyenye matundu mawili yaliyokaribiana vinakulazimisha kutoboa pale ambapo ukuta haupendi.

Nyumba za tofali za saruji ni rahisi zaidi, ila lipu inadanganya. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifunga spika ya kilo nne kwenye nyumba moja ya Mwanakwerekwe kwa fisha za sentimita tatu. Lipu ya pale ilikuwa na unene wa sentimita mbili. Kilichoshika tofali lenyewe kilikuwa sentimita moja tu. Baada ya miezi miwili spika ikaanguka usiku, kwa bahati njema ikaangukia kochi tupu. Nilikwenda asubuhi nikakuta fisha zimetoka na vipande vya lipu vimezing'ang'ania. Tangu siku hiyo lipu siihesabu kabisa. Natumia fisha ya milimita 8 yenye urefu wa sentimita sita, na skrubu ya milimita 5 inayofika hadi mwisho wake. Tazama pia vumbi linalotoka. Likianza jeupe au la kijivu hafifu na keekee inaingia bila kubishana, bado uko kwenye lipu. Likibadilika rangi na mkono ukahisi ugumu, umefika kwenye tofali.

Ukuta wa jipsamu haubebi spika nzito. Tafuta fremu iliyo nyuma yake kwa sumaku ndogo: itanasa pale penye skrubu, na skrubu hizo zimepangwa juu ya fremu. Na ukuta uwe wa aina yoyote ile, usitoboe juu wala chini ya swichi na soketi kwa mstari wa wima, maana nyaya za umeme mara nyingi hupita hapo.

Sasa uzito, na hapa naomba usisome harakaharaka. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi la braketi si habari yote. Chukua spika ya kilo 6. Ikiwa uzito wake umekaa sentimita 10 kutoka ukutani, na skrubu ya juu na ya chini zimeachana sentimita 10, ile ya juu inavutwa itoke ukutani kwa nguvu ya takribani kilo 6. Nyoosha mkono hadi sentimita 20, nguvu inakuwa kilo 12. Tumia kibao kifupi ambacho skrubu zake zimeachana sentimita 5 tu, inafika kilo 24. Spika ni ileile! Ndiyo sababu sikuzitaka zile braketi za mikono mirefu za bibi. Mkono mrefu ununue pale tu unapouhitaji kukwepa nguzo au pazia. Pima spika yako kwa mizani, kisha tafuta braketi iliyoandikwa walau mara mbili ya uzito huo.

Geuza spika uitazame mgongoni. Utakuta moja kati ya mambo matatu. La kwanza ni tundu lenye umbo la tundu la funguo, pana chini na jembamba juu. Hilo ni la spika nyepesi, zile ndogo za kilo moja hivi, na inatosha skrubu yenye kichwa kinachokaa sawasawa ndani yake. La pili ni tundu lenye meno ya bolti, moja au mawili. Hapa ndipo watu wanapoharibu mali. Spika nyingi zina tundu la robo inchi, meno 20 kwa kila inchi, sawasawa na lile lililo chini ya kamera kwa ajili ya stendi. Nyingine zina meno ya milimita: M4, M5 au M6, yaani bolti zenye unene wa milimita 4, 5 au 6. Robo inchi ni milimita 6.35, kwa hiyo bolti ya M6 inaingia kwenye tundu la robo inchi ikicheza, na unaweza kudhani imeshika. Haijashika. Ukigeuza mambo, ukaingiza ya robo inchi kwenye tundu la M6, itakwama baada ya mizunguko miwili, na ukiikaza kwa spana unayasaga meno. Kipimo changu ni vidole: bolti sahihi inazunguka kwa vidole viwili mizunguko minne au mitano, laini, bila kuyumba. Nenda dukani na spika yenyewe mkononi.

La tatu ni mgongo mtupu, hauna tundu lolote. Tafadhali usitoboe boksi la spika. Ndani mna vifaa vya kugawa sauti, na tundu jipya linavujisha hewa. Nunua braketi za kubana ubavuni zenye mpira, au weka rafu ya mbao, ambayo kwa spika kubwa mimi naipenda kuliko braketi nyingi.

Ukiwa bado mgongoni, angalia kama kuna tundu la duara la kupumulia. Likiwa nyuma, spika hiyo haitaki kugandishwa ukutani. Besi inakuwa nzito na maneno hayasikiki vizuri. Iache nafasi ya sentimita 10 hivi, na upime na nafasi ya waya, maana zile klipu za nyuma nazo zinahitaji pa kupita. Kwa sababu hiyohiyo huwa nakataa kuziweka spika za namna hiyo ndani ya vidaka, ingawa vinapendeza na wenye nyumba huniomba sana.

Kisha kaa. Kaa pale mwenye nyumba anapokaa, si pale picha ya kwenye boksi inapoonyesha. Kwenye kochi, sikio liko kama mita 1.1 kutoka sakafuni. Kwa bibi wa Malindi watu wanakaa chini, kwenye mkeka na mito, nikapima sikio lake sentimita 75. Spika za mbele zinataka kuwa karibu na kimo cha sikio. Za pembeni, kwa seti ya spika tano na sabufa, ile spika kubwa ya besi, zinakaa nyuzi 110 hadi 120 kutoka mbele yako, yaani nyuma kidogo ya mabega, na zinaweza kupanda juu ya sikio kiasi. Chumba cha bibi, kama vyumba vingi vya kale hapa, upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari: chini kidogo ya mita tatu. Spika ya pembeni inakuwa mita moja tu na ushee kutoka kichwani. Nilihitaji mkono mfupi unaoinama na kugeuka, ili sauti ipite juu kidogo ya vichwa na isimpigie mtu mmoja sikioni. Niliupata wa sentimita 8.

Kuhusu kiungo chenyewe, pale mkono unapogeukia: kile cha tufe kinageuka kokote, ila kinategemea bolti moja, na mtetemo wa besi unailegeza polepole. Kwa spika ya zaidi ya kilo tatu natafuta kiungo chenye meno yanayoumana, hata kama kinageuka kwa hatua. Sabufa haipandi ukutani, inabaki sakafuni.

Na sisi wa pwani tuna chumvi. Braketi iliyopakwa rangi vizuri inaweza kudumu, lakini skrubu za bei rahisi zinazokuja nayo zinaota kutu kabla ya mwaka, na kutu inashuka ukutani kama machozi ya rangi ya chai. Zitupe. Nunua skrubu za chuma kisichoshika kutu, zile ambazo sumaku kwa kawaida haizinasi.

Ukishafunga, ning'iniza kwa mkono wako mzigo wa mara mbili ya spika kwenye braketi tupu kabla ya kuipandisha spika yenyewe. Mimi natumia ndoo ya maji: lita moja ni kilo moja, hesabu haina ugomvi. Iache dakika kumi, angalia kama kibao kimeachana na ukuta hata kwa unene wa karatasi. Kwa bibi ndoo ilikaa kimya. Baada ya wiki nilirudi na spana, nikakaza bolti zote robo mzunguko, akanimiminia kahawa.