Mvinyo mwekundu nao upitie friji

Ukionja mvinyo mwekundu mkavu (usio na utamu) wa Dodoma, hasa wa zabibu za Makutupora, ukauona mkali, usiuhukumu bado. Uweke kwenye friji dakika 20 hadi 30, kisha uonje tena. Ule ushauri wa kuunywa katika joto la chumbani ulitoka Ulaya, kwenye nyumba zenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari hufika 30 bila shida, na katika joto hilo pombe ndiyo hutangulia puani, harufu ya matunda ikafunikwa, mvinyo ukaonekana mzito kuliko ulivyo. Ukipoa kidogo, uchachu hujitokeza na ladha ya tunda hurudi. Lakini usipitilize: baridi kali huzidisha ukakasi unaokausha ulimi, ule wa tanini, kemikali za maganda na mbegu za zabibu.

Mweupe, kama Chenin Blanc, utoe kwenye friji dakika 10 kabla ya kumimina. Ukiwa baridi sana haunukii chochote.

Na kama mko wawili watatu, mimineni glasi mbili za chupa ileile, moja iliyopoa na moja ya joto la sebuleni, mzionje kwa kupokezana. Tofauti mtaikuta puani kabla hata ya kunywa.